Sheria za mstari wa kuanzia: Msumeno ukate mbele na nyuma

MTOTO wa shule anayerauka alfajiri katika vilima vya Itumbe, Kaunti ya Kisii, akapita kando ya mashamba ya majani chai hadi barabarani, kisha akaabiri matatu kwenda kwenye mashindano ya riadha, anaweza kurejea nyumbani jioni bila kukimbia hata hatua kumi. Hakuumia, wala hakushindwa na mwenzake. Aliinua goti kabla ya mwanzishaji mbio kutoa ishara, akaamriwa atoke uwanjani. Mwaka mzima wa mazoezi ukaishia hapo.

Adhabu hiyo ni halali. Je, ni ya haki?

Swali hili halisumbui walimu wa michezo wa Gusii pekee. Limesumbua wasimamizi wa riadha duniani kwa zaidi ya karne moja, na hadi leo linawagawanya mashabiki wa mbio za magari ambapo washindani hupeana mwanya, yaani aliye dhaifu hutangulia na mwenye nguvu hufuata. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Makala haya yanaeleza jinsi sheria za mstari wa kuanzia zilivyobadilika, na kwa nini baadhi yazo bado hukata upande mmoja tu.

Kutoka kurudishwa nyuma hadi kufukuzwa

Hapo kale, mkimbiaji aliyechomoka mapema hakufukuzwa. Alirudishwa nyuma hatua kadhaa, kisha mbio zikaanzishwa upya. Katika Michezo ya Olimpiki ya 1904 mjini St. Louis, Marekani, wakimbiaji watatu waliokuwa wakishindana na Archie Hahn katika fainali ya mita 200 waliadhibiwa kwa njia hiyo baada ya kuanza kabla ya ishara. Hahn alishinda.

Baadaye mtindo huo uliachwa katika riadha. Kwa miaka mingi kila mkimbiaji alikuwa na nafasi yake ya kukosea: kosa la kwanza lilimpa onyo, la pili likamtoa mashindanoni. Hivyo ndivyo Linford Christie wa Uingereza, aliyekuwa bingwa mtetezi wa mita 100, alivyoondolewa katika fainali ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Alikosea mara mbili.

Ubaya wa sheria hiyo ulikuwa mmoja: ilichelewesha mashindano. Wakimbiaji wanane wangeweza kukosea mara nane, kila mmoja zamu yake, bila yeyote kuondolewa. Watazamaji walichoka, nao wenye televisheni wakanung'unika.

Kuanzia mwaka 2003, Shirikisho la Riadha Duniani, wakati huo likijulikana kama IAAF, lilileta sheria mpya. Kosa la kwanza lilihesabiwa kuwa la kundi zima; yeyote aliyekosea baada ya hapo aliondolewa, hata kama hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Mwaka uo huo, katika mashindano ya dunia mjini Paris, Jon Drummond wa Marekani alilala chali katika njia yake akikataa kutoka baada ya kuhukumiwa kwa sheria hiyo.

Hapa ndipo haki ilipokwenda mrama waziwazi. Mtu mmoja alikosea, mwingine akabeba mzigo. Isitoshe, sheria ilifungua mlango wa hila: mkimbiaji ambaye si hodari wa kuchomoka aliweza kukosea makusudi, akijua kuwa hataondolewa, ili wapinzani wake walio wepesi waingiwe na hofu na kukaa wakisubiri kwa uangalifu. Mkosaji akafaidika na kosa lake mwenyewe.

Wajumbe wa shirikisho walikutana Berlin mwezi Agosti 2009 wakaamua kuwa, kuanzia Januari 1, 2010, kosa moja linatosha kumwondoa mkimbiaji. Ni katika michezo ya pamoja kama dekathloni tu ambapo onyo la kundi zima limesalia.

Ukali wa sheria hiyo ulidhihirika Agosti 28, 2011 mjini Daegu, Korea Kusini, Usain Bolt alipochomoka mapema katika fainali ya mita 100 akaondolewa mbele ya ulimwengu mzima. Miaka kumi na minne baadaye, mwezi Septemba 2025 mjini Tokyo, zamu ilimfikia Letsile Tebogo wa Botswana, bingwa wa Olimpiki wa mita 200, naye katika fainali ya mita 100.

Sheria ya sasa ina sifa moja isiyokanushika: anayekosea ndiye anayeadhibiwa, hakuna anayebeba dhambi ya jirani. Hata hivyo, adhabu ina kipimo kimoja tu. Aliyetangulia kwa kitambo kidogo mno na aliyetangulia kwa hatua mbili huondoka kwa mlango uo huo.

Kumbukumbu ya Munich

Kwa wasomaji wa Kisii na Nyamira, jambo hili lina uzito wa pekee. Gusii imezoeleka kutajwa kwa wakimbiaji wa masafa marefu, akiwemo Naftali Temu aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 jijini Mexico katika mita 10,000. Lakini eneo hili limezaa pia magwiji wa mbio zinazoamuliwa kwa sehemu ya sekunde.

Mwaka 1972 mjini Munich, Kenya ilikuwa taifa la kwanza la Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanaume wanne. Watatu kati ya wanne hao, Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, walitoka Gusii. Julius Sang alimaliza kazi. Muda wao ulikuwa dakika 2 na sekunde 59.8.

Katika mbio hizo ni mtu mmoja tu anayesubiri mlio wa bastola. Wengine husubiri kijiti. Siku hiyo alikuwa Asati, ambaye pia aliwahi kushinda mita 400 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 na 1974. Chini ya sheria ya enzi hiyo, kama angechomoka mapema angepewa onyo na mbio zingeanzishwa upya. Chini ya sheria ya leo, timu nzima ingetoka.

Mlio haufiki kwa wote kwa wakati mmoja

Kabla ya kumhukumu anayeanza mapema, ni sharti tujiulize kama wote wamepewa ishara ile ile. Katika mita 400, wakimbiaji hawapangwi katika mstari mmoja. Kwa kuwa njia za nje ni ndefu zaidi kwenye kona, aliye katika njia ya nane huwekwa mbele ya aliye katika njia ya kwanza kwa takriban mita 53. Huo si upendeleo. Ni kusawazisha umbali.

Lakini sauti nayo ina mwendo wake, takriban mita 340 kwa sekunde. Mwanzishaji akisimama karibu na njia ya kwanza, mlio utachukua yapata sekunde 0.15 kumfikia wa njia ya nane. Katika mbio zinazokimbiwa kwa sekunde 45, muda huo ni sawa na zaidi ya mita moja mwishoni.

Linganisha kiasi hicho na kipimo kinachotumiwa kuamua kosa. Katika mashindano makubwa, vibao vya kuanzia huwa na mitambo inayopima msukumo wa mguu. Anayesukuma kabla ya sekunde 0.1 kupita tangu mlio kutolewa huhesabiwa kuwa ameanza mapema, kwa hoja kwamba hakuna binadamu awezaye kusikia na kuitikia upesi kiasi hicho. Mwezi Julai 2022 mjini Eugene, Marekani, Devon Allen aliondolewa katika fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa kuitikia kwa sekunde 0.099. Alikosa kwa elfu moja ya sekunde. Kuna watafiti wanaoshikilia kuwa baadhi ya watu wanaweza kuitikia chini ya kipimo hicho bila kubahatisha.

Ndiyo maana katika viwanja vikubwa vipaza sauti huwekwa nyuma ya kila mkimbiaji, ili mlio uwafikie wote pamoja. Uwanja wa shule hauna vifaa hivyo. Pengine kuna filimbi, au mbao mbili zinazogonganishwa, na mwalimu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu. Aliye mbali husikia akiwa amechelewa; akijaribu kufidia kwa kutazama mwili wa jirani, huenda akachomoka kabla ya wakati na kuitwa mdanganyifu.

Mbio za kupeana mwanya

Tugeukie sasa mbio ambazo washindani hawalingani kwa nguvu. Ili dhaifu naye apate matumaini, hupewa nafuu. Nafuu hiyo huja kwa njia mbalimbali. Katika mbio za farasi kama zile za uwanja wa Ngong, Nairobi, farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi. Katika mbio za miguu, mtoto mdogo anaweza kuwekwa mita kadhaa mbele ya wakubwa, wote wakaondoka kwa ishara moja. Njia nyingine ni nafuu ya muda: dhaifu huondoka kwanza, na mwenye nguvu husubiri.

Nafuu ya muda ndiyo yenye utata, kwa sababu kuna ishara mbili na hivyo makosa mawili yanayoweza kutokea kwa nyakati tofauti. Mfano ulio bayana ni mbio za magari za masafa mafupi zijulikanazo kama dragi, ambazo zimestawi zaidi Marekani, ambako chama cha mchezo huo, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951.

Magari mawili husimama sambamba kwenye barabara nyoofu, kwa kawaida ya robo maili, yaani takriban mita 402. Mbele yao kuna mlingoti wa taa, ulioanza kutumiwa mwaka 1963 na kubandikwa jina la mti wa Krismasi kwa rangi zake: manjano za kuonya, kijani ya kuruhusu na nyekundu ya kumkemea aliyeondoka mapema.

Katika mbio za kupeana mwanya, kila dereva hutangaza kabla muda ambao gari lake litatumia. Tuseme wa kwanza ametangaza sekunde 15, wa pili sekunde 11. Taa ya kijani ya gari la polepole itawaka sekunde 4 kabla ya ile ya gari la kasi. Kila mmoja akitimiza ahadi yake, watafika pamoja. Atakayeshinda ni yule aliyeitikia taa kwa wepesi zaidi. Ili dereva asitangaze muda wa uongo, anayetumia muda mfupi kuliko aliotangaza hushindwa.

Hadi hapo mambo ni shwari. Tatizo liko kwenye taa nyekundu. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa kwamba anayekosea kwanza ndiye anayeshindwa. Kwa kuwa gari la polepole huondoka kwanza daima, dereva wake akitangulia taa hata kwa elfu mbili za sekunde, mbio zimekwisha. Sekunde 4 baadaye mwenzake anaweza kuondoka mapema kwa sehemu kubwa ya sekunde, kosa mara nyingi zaidi, na bado akatangazwa mshindi.

Hesabu ya makosa

Baadhi ya watu husema tofauti hiyo ni ndogo. Na tuipige hesabu.

Chukulia madereva wawili wanaokosea kwa kiwango sawa, mara 1 katika kila mbio 10. Katika mbio 100, anayetangulia atakosea mara 10 na atashindwa mara zote 10. Anayefuata naye atakosea mara 10, lakini kwa wastani kosa 1 kati ya hayo litaangukia mbio ambazo mwenzake tayari amekosea, nalo litasamehewa. Hivyo ataadhibiwa mara 9.

Sasa chukulia mbio za ushindani mkali, ambapo kila mmoja anajaribu kuitikia kwa kasi na kukosea mara 1 katika kila 5. Anayetangulia ataadhibiwa mara 20. Anayefuata mara 16. Kadiri madereva wanavyojitosa, ndivyo pengo linavyopanuka. Katika mashindano ya mtoano, ambapo ukishindwa mara moja unafunga virago, pengo hilo si dogo.

Tena tusisahau ni nani anayeumia. Gari la polepole kwa kawaida ndilo la bei nafuu. Mbio za kupeana mwanya zilibuniwa ili mwenye gari hafifu aweze kumkabili mwenye gari la fedha nyingi. Kanuni inayompa wa pili msamaha asiopewa wa kwanza hupokonya kwa mkono wa kushoto kile kilichotolewa kwa mkono wa kulia.

Lakini hoja nzito zaidi imo ndani ya kanuni za mchezo wenyewe. Magari yote mawili yakikimbia kwa kasi kuliko muda yaliotangaza, hayahukumiwi kwa kuangalia ni lipi lililovuka mstari wa mwisho kwanza. Makosa hupimwa, na aliyepitiliza kwa kiasi kidogo ndiye mshindi. Vivyo hivyo, kuvuka mpaka wa njia na kuingia upande wa mwenzako huhesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko taa nyekundu. Anayefanya hivyo hushindwa hata kama mwenzake aliondoka mapema. Basi ikiwa mwishoni mwa barabara makosa hupimwa kwa uzito, kwa nini mwanzoni yapimwe kwa foleni?

Katika miaka ya karibuni jawabu limepatikana kwa mitambo. Kuna mfumo, uitwao TruStart, ambao hauwashi taa nyekundu papo hapo. Husubiri gari la pili liondoke, ukalinganisha, kisha ukamhukumu aliyekosea zaidi. Kama ni mmoja tu aliyekosea, ni huyo huyo anayeshindwa.

Upande wa pili wa shilingi

Watetezi wa kanuni ya zamani wana hoja zao, na ni vyema tuzisikilize. Kwanza, wanasema ni rahisi kueleweka: taa imewaka, mbio zimekwisha, hakuna mabishano. Pili, dereva anayefuata akiona taa nyekundu ya mwenzake hutulia, hivyo si haki kumlazimisha ajihatarishe katika mbio ambazo tayari ameshinda. Tatu, anayefuata naye ana mzigo wake: hukaa akisubiri huku mwenzake akitimua mbio kando yake, jambo linaloweza kumtoa mtu akili.

Hoja ya kwanza ina nguvu, hasa pasipokuwa na mitambo. Ya pili, hata hivyo, inajizunguka. Kusema kuwa wa pili ameshinda tayari ni kuchukulia kuwa kanuni ni sahihi, ilhali usahihi wake ndio unaobishaniwa. Wote wawili walikuja kufanya mtihani mmoja. Hakuna sababu ya mmoja kusamehewa mtihani kwa kuwa mwenzake ameufanya kwanza na kuanguka. Kuhusu ya tatu, ugumu wa kusubiri unafidiwa na faida ya kumwona mpinzani mbele na kujua ni kiasi gani cha kasi kinachohitajika kumpiku.

Funzo la Safari Rally

Hatuhitaji kwenda Marekani kupata njia ya wastani. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, magari kwa kawaida huondoka moja moja. Chini ya kanuni za kimataifa za mbio hizo, dereva anayeondoka kabla ya ishara huongezewa sekunde 10 kwa kosa la kwanza, dakika 1 kwa la pili na dakika 3 kwa la tatu.

Tazama mambo mawili. Kosa la mmoja halimgusi mwingine, wala halimpi mwingine ruhusa ya kukosea. Aidha, adhabu hupanda ngazi kwa ngazi, ili aliyeteleza mara moja asiwekwe kapu moja na sugu.

Walimu wafanye nini?

Turejee Itumbe. Mwalimu wa michezo hana mlingoti wa taa wala vibao vya umeme, lakini yapo mambo anayoweza kufanya bila kutumia hata shilingi.

Kwanza, asimame mahali ambapo umbali kati yake na wakimbiaji wote unakaribiana. Katika mita 100 asimame kando, mbali kidogo na mstari, badala ya kusimama sikioni mwa aliye njia ya kwanza. Katika mita 400 asogee kuelekea katikati ya wakimbiaji walivyotawanyika kwenye kona.

Pili, asiwaweke watoto wakiwa wamechuchumaa kwa muda mrefu. Wengi wa wanaochomoka mapema hawadanganyi. Wamechoka kusubiri na mizani imewaponyoka. Akiona mmoja anayumba, awasimamishe wote na kuanza upya.

Tatu, katika mbio za kupeana mwanya, aurejeshe mtindo wa kale: anayechomoka arudishwe nyuma mita moja au mbili badala ya kufukuzwa. Nafuu iliyotolewa kwa mita inafaa kupunguzwa kwa mita. Na ikiwa watoto wanaondoka kwa nyakati tofauti, kila mmoja awe na msimamizi wake, na hukumu isitolewe kabla ya wote kuondoka.

Nne, na hili ndilo kubwa, kanuni isomwe mbele ya washiriki wote kabla ya mbio, kwa lugha wanayoielewa. Mtoto anayekwenda kushindana mbele zaidi ajue kuwa huko atakuta sheria ya kosa moja. Si haki aisikie kwa mara ya kwanza anapoonyeshwa kadi nyekundu na nyeusi.

Hakuna sheria ya mstari wa kuanzia itakayomridhisha kila mtu. Lakini kila sheria inaweza kuulizwa maswali matatu: Je, anayeadhibiwa ndiye aliyekosea? Je, uzito wa adhabu unalingana na uzito wa kosa? Je, kuna mwingine aliyefanya kosa lile lile akasamehewa kwa sababu tu ya mahali aliposimama au zamu yake ya kuondoka?

Sheria ya 2003 ilianguka katika swali la kwanza. Sheria ya sasa ya riadha inapita hapo lakini inayumba katika la pili. Kanuni ya zamani ya dragi inaanguka katika la tatu. Mwalimu aliye na filimbi mkononi asubuhi ya mashindano ana nafasi ya kuyajibu yote matatu kabla hajaipuliza.